Goma: Shule inayomkataa mtoto mwenye usonji iandike na kupiga muhuri

Mjini Goma na pembeni yake kuna watoto ambao hawako kwenye orodha yoyote. Hawako shuleni. Kanisani walitolewa sababu ya makelele. Siku ya kugawa chakula hawako katika mstari, na mara nyingi mama zao pia hawako, kwa kuwa hawana mtu wa kuwaachia. Hao ni watoto wenye usonji, hali ambayo waganga wa Congo wanaita otisimu.

Wazazi wao, wawe wenyeji wa mji ao wahami wa vita kutoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, wamezoea jibu moja. Linatolewa mlangoni, watu wakiwa wamesimama, bila hata kumkaribisha mama akae: "Mama, huyu hapana. Umrudishe akipona."

Jibu hilo ni la mdomo tu. Halina karatasi, halina tarehe, halina jina la aliyelisema. Mama anageuka na mtoto wake, anaenda. Kesho yake mkubwa yeyote akiuliza ni watoto wangapi wenye usonji waliokataliwa shuleni mwaka huu, ataambiwa hakuna. Hapo ndipo ubaya wote ulipo. Mtoto anayekataliwa kwa mdomo anaonekana kama hakukataliwa na mtu yeyote.

Ndiyo maana kuna jambo moja ambalo wazazi wanapaswa kudai kuanzia sasa. Kila direkta anayemkataa mtoto aandike barua, aseme sababu, atie sahihi na apige muhuri wa shule. Shule inayojua kwamba inatenda haki haitaogopa kalamu.

Usonji si malaria

Neno "akipona" ndilo la kwanza la kukosolewa. Usonji si homa inayoingia na kutoka. Ni namna ubongo wa mtoto unavyokomaa tangu akiwa mdogo sana. Hauambukizi. Mtoto mwenye usonji atakuwa kijana mwenye usonji, kisha mtu mzima mwenye usonji. Anaweza kujifunza mengi na kubadilika sana, lakini anayengojea apone ndipo amfundishe atangojea hadi mtoto aote ndevu.

Watoto hao hawafanani. Moja hasemi neno hata akifika miaka kumi. Mwengine anasema sana, lakini anarudilia sentensi ile ile aliyoisikia kwenye redio. Kuna anayepanga mawe ya volkano mstari moja tangu asubuhi hadi jua kuzama, na ukiondoa jiwe moja analia kama amechomwa moto. Wengi hawaangalie watu usoni. Wengi wanataka leo ifanane na jana: sahani ile ile, njia ile ile, mtu yule yule wa kuwaogesha. Sauti ambayo wengine hawaijali inaweza kuwaumiza masikio, na nguo mpya inaweza kuwakwaruza kama miiba.

Hayo hayakuanza na vita, wala hayakuanza Congo. Mwaka 1943, nchini Marekani, muganga Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 wenye tabia hizo. Leo Shirika la afya duniani, OMS, linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu moja kwa watu 127 duniani alikuwa na usonji. Hesabu hiyo ifanyiwe kazi kidogo. Penye watoto 1000, wanane hivi wangekuwa na usonji, wengine kidogo tu, wengine sana. Direkta wa shule kubwa anayesema "watoto wa namna hiyo hapa hatuna" hajasema habari njema. Amekubali tu kwamba walifukuzwa zamani, ao wamekaa nyuma ya darasa wakiitwa wajinga na kupigwa kila siku.

Mama siye aliyeleta

Katika familia nyingi, kosa linabebeshwa mama. Eti alipokuwa na mimba alikula kitu kibaya. Eti alitembea usiku. Eti ukoo wake una wachawi. Ba mkwe wanakaa kikao, na mwisho wa kikao baba anachukua mke mwengine ao anapanda gari kwenda machimboni na harudi. Mama anabaki na mtoto asiyelala usiku, na kesho anapaswa kubeba makala kichwani ili wale.

Wazungu pia walipita katika ujinga huo. Kwa miaka mingi kule Ulaya na Marekani waganga walisema kwamba usonji unaletwa na mama asiyempenda mtoto wake. Utafiti uliofuata uliangusha maneno hayo. Baadaye chanjo ya surua ikasingiziwa. Makala ya mwaka 1998 iliyoeneza jambo hilo ilifutwa na gazeti lenyewe la waganga lililoichapa, mwaka 2010. Kwa hiyo mama anayesikia kambini ao sokoni kwamba chanjo ndiyo iliyomharibu mtoto wake ajue kwamba habari hiyo ilikufa siku nyingi. Asiwanyime wadogo zake sindano sababu ya uongo ambao wenyewe waliutupa.

Halafu kuna wale wanaosema mtoto ni mchawi. Kwao, mtoto asiyeangalia watu usoni anaficha siri, na mtoto anayecheka peke yake usiku anaongea na mashetani. Katika vyumba vya maombi kuna watoto waliofungishwa chakula siku nzima nzima, waliopigwa ili pepo itoke, waliotiliwa pilipili machoni. Mama anaombwa sadaka juu ya sadaka, na mtoto anarudi nyumbani akiwa mwoga kuliko alivyoenda.

Katiba ya Congo ya mwaka 2006 imelisema jambo hilo waziwazi. Kifungu cha 41 kinakataza kuwatupa watoto na kuwatesa, na kinataja shutuma za uchawi kwa jina lake. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 ikaongeza adhabu: anayemshutumu mtoto uchawi anaweza kufungwa mwaka moja hadi miaka mitatu, pamoja na faini. Pasta anayemtangaza mtoto mchawi mbele ya waumini anatenda kosa la jela, hata akiwa ameshika Biblia mkononi.

Hakuna anayesema watu waache kusali. Kuna mapadri, wachungaji na akina mama wa kanisa wanaomletea jirani yao sabuni na unga, na wanaomshikia mtoto saa moja ili apumzike. Hiyo ndiyo dini ambayo mama anaihitaji. Maombi hayakuumiza mtoto yeyote. Njaa, fimbo na pilipili ndivyo vinavyoumiza.

Makelele yana sababu

Walimu na majirani wana swali la haki. Mtoto huyu anauma wenzake, anapiga kichwa ukutani, anavua nguo, anakimbia barabarani. Wafanye nini? Swali hilo lisichekwe. Mzazi mwenye alama za meno mkononi analijua kuliko mtu yeyote.

Jibu linaanza kwa kukubali kwamba mtoto asiyekuwa na maneno anasema kwa mwili. Akiuma, kuna kitu anachokiomba ao anachokikimbia. Kazi ya mtu mzima ni kutafuta kitu hicho, na kazi hiyo inafanywa kwa maswali matatu. Nini kilitokea kabla? Mtoto alifanya nini hasa? Nini kilifuata?

Tuseme mama aliyekimbia Sake amepokelewa katika kata ya Ndosho, katika nyumba ya wenyeji. Kila asubuhi mtoto wake wa miaka tisa anapiga makelele na kujigonga kichwa. Majirani wanasema pepo zake zinaamuka asubuhi. Mama akichunguza wiki nzima, akiweka alama ya makala ukutani kila mara, anaona jambo: makelele yanaanza pamoja na mashine ya kusaga unga iliyo nyuma ya nyumba. Siku ya mungu mashine haifanyi kazi, na siku hiyo mtoto anatulia. Pepo haina siku ya mapumziko. Mashine ndiyo inayo.

Akisha kujua hivyo, mama hahitaji pesa nyingi. Anaweza kumtoa mtoto saa ile na kumpeleka upande mwengine wa kata, ao kumfunga kitambaa kizito masikioni, ao kumwonyesha kwa mkono kila asubuhi kabla sauti haijaanza, ili isimshtue. Mara nyingine sababu ni jino linalouma, ao masikio yenye usaha, ao tumbo lililofunga, na mtoto hana neno la kusema "naumwa". Wengine wana kifafa pamoja na usonji, na kifafa kina dawa zake. Ndiyo maana mtoto anayebadilika ghafula apelekwe kwanza kwenye kituo cha afya, kabla ya kupelekwa popote pengine.

Fimbo haifundishi kitu hapo. Mtoto anayepigwa sababu mashine imemuumiza masikio anajifunza tu kwamba kuna maumivu mawili kila asubuhi, la mashine na la baba.

Na kamba? Wapo wazazi wanaomfunga mtoto mguu kwenye kitanda ao kwenye mti wa hema. Jambo hilo ni baya, linamjeruhi mtoto na linamzidishia hasira. Lakini wanaopita na kupiga picha ili walaumu waseme pia mama huyo angefanya nini. Barabara ya kutoka Goma kwenda Sake imejaa malori na pikipiki. Ziwa Kivu liko hapo chini, na mtoto mwenye usonji anaweza kupenda maji bila kuogopa kina chake. Katika mashamba ya wale waliorudi vijijini bado kuna mabomu ambayo hayajalipuka. Mama yuko peke yake, na shule imefunga mlango. Kamba ile ina mikono mingi iliyoifunga, na mkono wa mama ni wa mwisho.

Kwa karatasi, Congo haina deni

Sheria zipo, na ni nzuri. Kifungu cha 43 cha katiba kinasema masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za serkali. Tangu mwezi wa tisa 2019, serkali imetangaza kwamba masomo hayo ni bure kweli. Kifungu cha 49 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Mwaka 2015 Congo ilijiunga na mkataba wa Umoja wa mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, unaosema mtoto asitolewe katika masomo ya kawaida sababu ya ulemavu wake. Tarehe 3 mwezi wa tano 2022 ikatiwa sahihi sheria nyingine, ya kulinda na kuendeleza haki za watu hao.

Hakuna hata moja kati ya sheria hizo inayosema "isipokuwa wale wanaopiga makelele".

Walimu watajibu, na jibu lao lina uzito. Darasa moja linabeba watoto ambao wangejaza madarasa mawili ao matatu. Vitabu havitoshi. Tangu benki zilipofungwa Goma mwezi wa kwanza 2025, hata kupata mshahara kumekuwa safari. Mwalimu hakufundishwa usonji ni nini, na leo anaambiwa ampokee mtoto anayeuma. Ana haki ya kulalamika, na malalamiko yake yanapaswa kupelekwa kwa wakubwa wa elimu, yeyote anayeongoza mahali pale. Lakini malalamiko hayo hayampi ruhusa ya kumgeuzia mtoto. Mwalimu asiyelipwa vizuri na mtoto aliyekataliwa wote wameibiwa na mtu yule yule. Si vizuri moja wao amwibie mwenzake tena.

Tena mwalimu hakuombwa amponyeshe mtoto. Anaombwa mambo machache, na mengi hayana bei.

Mtoto akae kila siku pahali pale pale, karibu na mlango ama pembeni ya ukuta, si katikati ya benchi lenye watu watano. Aanze kwa saa moja, si siku nzima. Akizoea, muda uongezwe polepole. Afike kabla ya wengine ao baada yao, ili asipite katika msukumano wa asubuhi. Mwalimu achore kwenye vipande vya katoni picha za mambo ya siku: kuandika, kula, choo, kwenda nyumbani. Mtoto asiyesema anaweza kugusa picha ya choo kuliko kujichafua na kuchekwa. Kabla ya kubadilisha jambo, mwalimu amwonyeshe picha inayofuata. Mtoto apewe pahali pa kutoka akilemewa, hata kama ni chini ya mti moja ndani ya uwanja wa shule. Mwanafunzi mkubwa mwenye moyo mzuri akae naye. Jambo jema alilofanya lisifiwe hapo hapo, kwa maneno machache. Na fimbo ibaki nje.

Katoni ya sabuni haipatikani kwa ufadhili wa Ulaya. Inapatikana dukani.

Kuna wanaosema watoto hao wajengewe shule zao peke yao. Vituo vya watu wenye ulemavu vipo, kama Heri Kwetu ya Bukavu, na kazi yao inastahili heshima. Kuna watoto ambao kweli watahitaji mahali pa namna hiyo kwa muda fulani, na mzazi anayekipata kituo asikiache. Lakini kituo kimoja hakiwezi kubeba jimbo zima, na mama wa Kitshanga hawezi kuvuka ziwa kila asubuhi. Kumwambia angojee hadi shule ya pekee ijengwe kijijini kwake ni kumwambia hapana kwa maneno marefu.

Dada yake pia ameacha masomo

Hasara haikomi kwa mtoto moja. Mama akienda kutafuta chakula, lazima mtu abaki. Anayebaki mara nyingi ni dada mtu, msichana wa miaka kumi na moja ao kumi na mbili. Kwanza anakosa shule siku ya soko. Kisha anakosa siku tatu kwa wiki. Mwisho wa mwaka harudi tena. Kwa hiyo direkta aliyemkataa mvulana moja amefunga masomo ya watoto wawili, na yule wa pili hakuwa na shida yoyote ya kujifunza.

Mashirika yanayotangaza kila mwaka kwamba yanataka wasichana warudi masomoni yangeuliza pia ni nani wanayemlinda nyumbani. Saa mbili za shule kwa kaka zinaweza kuwa ndizo zinazomrudisha dada.

Mashirika ya misaada nayo yaulizwe

Katika kuandikisha wahami, mashirika mengi yanatumia maswali sita juu ya ulemavu: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuelewana na wengine. Ni maswali mazuri kwa mtu mzima. Lakini mtoto mwenye usonji anaona, anasikia, na anakimbia kuliko muulizaji. Muulizaji akitafuta mkongojo ao kiti cha magurudumu, anaandika "hakuna" na kupita hema linalofuata.

Maswali ya watoto yapo. UNICEF na washirika wake waliyatoa mwaka 2016. Yanauliza kama mtoto anaweza kuzuia hasira zake, kama anakubali mabadiliko, kama anaweza kupata marafiki. Yaliandikwa kwa ajili ya watoto kama hao hasa. Shirika lisiloyatumia lieleze kwa nini, na lisiseme kwamba watoto hao halikuwaona.

OMS nayo ina mafunzo kwa wazazi na walezi wa watoto wenye umri wa miaka 2 hadi 9 ambao ubongo wao unachelewa ao una usonji. Ni vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, vinavyofundisha kucheza na mtoto, kumsaidia kuelewana na watu na kupunguza tabia ngumu. Vilitengenezwa viongozwe na watu wasio wataalamu, kama vile wahudumu wa afya wa mtaani. Basi maneno ya kwamba "hakuna kinachowezekana sababu Congo haina wataalamu" yaachwe. Wataalamu wanahitajika, na wachache walioko hawatoshi. Lakini mafunzo haya yaliandikwa kwa ajili ya mahali ambapo hawako.

Kuna pia mambo madogo. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo apewe nafasi mbele katika mstari, kama wanavyopewa wenye mimba na wazee. Ao aruhusiwe kumtuma mtu mwengine na jetoni yake. Mtoto asiyeweza kungojea saa sita kwenye jua, kati ya watu wanaosukumana, atapiga makelele, na mama atarudi bila unga. Hilo linajulikana tangu siku ya kwanza. Kulirekebisha hakuhitaji mradi.

"Kwanza amani"

Maneno ya mwisho ambayo wakubwa wanapenda kujificha nyuma yake ni haya: nchi iko vitani, kwanza amani, mengine baadaye. Kila mtu Kivu anaomba amani. Lakini amani isigeuzwe kuwa sababu ya kutofanya kitu.

Mtoto aliyekuwa na miaka mitatu wakati Bunagana ilianguka, mwezi wa sita 2022, alifika umri wa kuingia shule ya msingi mwaka 2025. Vita havikumngojea, na miaka yake pia haikungojea. Miaka ya utoto ndiyo ambayo mtoto mwenye usonji anaweza kusaidiwa vizuri zaidi, na hakuna mkataba wa amani utakaomrudishia.

Tena vita vyenyewe vinamuumiza mtoto huyo mara mbili. Tarehe 3 mwezi wa tano 2024 bomu zilianguka katika makambi ya wahami, Mugunga na Lac Vert. Mtoto anayelia kwa sauti ya mashine ya kusaga, ajiulize mtu, alisikia nini siku kama hiyo? Mwezi wa pili 2025 wahami waliambiwa waondoke katika makambi ya pembeni ya Goma. Watu walibomoa hema zao na kuondoka, wengine kwa miguu. Kwa mtoto ambaye alitumia mwaka mzima kujifunza njia ya kutoka hemani hadi chooni, ulimwengu ulifutwa kwa siku moja. Anayebadilishiwa kila kitu mara tatu kwa miaka mitatu anahitaji kitu kimoja kisichobadilika. Shule ingeweza kuwa kitu hicho: mlango ule ule, mwalimu yule yule, saa ile ile. Wakati wa vita, mtoto huyo anaihitaji shule kuliko wakati wa amani.

Karatasi

Kinachoombwa kwa hiyo hakiko mbali. Baba asikimbie, mtoto ni wa ukoo wake pia. Pasta aache kutafuta mchawi pahali penye mtoto. Kituo cha afya kimwangalie masikio, meno na kifafa, badala ya kusema "huyu ni wa akili" na kufunga daftari. Shirika liulize maswali ya watoto. Shule ianze kwa saa moja.

Na pale ambapo shule inaendelea kukataa, mzazi asirudi nyumbani mikono mitupu. Asitukane, asipigane. Aseme tu: "Papa direkta, tafadhali, niandikie." Asiyejua kusoma aende na kijana wa jirani anayejua. Barua hiyo aitolee kopi: moja abaki nayo, nyingine apeleke kwenye ofisi ya elimu, nyingine kwa watetezi wa haki za watoto ao mashirika ya raia wa kata yake. Direkta akikataa kuandika, mzazi aandike mwenyewe tarehe, saa, jina la shule na maneno aliyoambiwa, na shahidi atie sahihi.

Wazazi watano wa kata moja wakiwa na karatasi tano, hapo tayari kuna orodha. Direkta anayejua kwamba jina lake litabaki kwenye karatasi hiyo atafikiri mara mbili. Wengine, kabla ya kuchukua kalamu, watakumbuka kwamba bado kuna nafasi moja pembeni ya ukuta, karibu na mlango.